MTAMBO WA ALASKA HAUTIKISI KAGERA: ACHENI KUSAMBAZA UONGO KWA JINA LA DINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa mbingu na ardhi na vilivyo baina yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalallahu alayhi wasallam), ahli zake na maswahaba zake wote.

Darsa ya leo ni ndefu na ina maneno makali kidogo. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanijibu. Nawaandikia ninyi nyote, lakini zaidi nawaandikia ndugu zangu wa Kanazi, Ngara yote na Biharamulo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi kuliko mnavyodhani.

Kila ardhi inapotikisika, kila mvua inapozidi, simu zetu zinajaa klipu ya aina moja. Muziki wa kutisha, picha ya msitu wa antena kwenye theluji, na sauti nzito inasema huu ndio mtambo wa HAARP ulioko Alaska, Marekani, ndio unaotengeneza matetemeko na vimbunga ili kuwamaliza Waislamu. Ilizunguka Uturuki na Syria zilipotikisika tarehe 6 Februari 2023. Ikazunguka tena Morocco ilipotikisika Septemba mwaka huo huo. Na leo ukimuuliza mtumaji kuhusu tetemeko letu la Kagera la mwaka 2016, hasiti hata sekunde moja. Anakujibu, "Ni hao hao."

Mtu wa mtaani akituma hayo, namwonea huruma. Kinachoniuma ni kwamba juu ya klipu kunaandikwa Bismillah, chini kunawekwa aya, na mwisho unaambiwa usipowatumia watu 20 basi imani yako ni dhaifu. Wengine wanaipeleka mpaka kwenye mimbari. Uongo umevishwa kanzu na kilemba, na sisi tunausimamia utuswalishe!

Leo nataka tuuvue hiyo kanzu.

KWANZA: HUO MTAMBO NI KITU GANI?

Huwezi kukipinga wala kukiamini kitu usichokijua. Basi tujue.

Wazee wetu wanakumbuka redio ya betri. Mchana ulikuwa unahangaika na stesheni za mbali, sauti inakwaruza. Usiku ukiingia, unazipata London, Cologne na kwingineko kana kwamba zipo Ngara Mjini. Kwa nini? Kwa sababu juu yetu, kuanzia kama kilomita 80 na kuendelea mpaka mamia ya kilomita, kuna tabaka la hewa nyembamba sana ambalo jua limelipasua. Jua linazing'oa elektroni kutoka kwenye atomu za hewa. Hewa ya namna hiyo wanasayansi wanaiita plazma, na tabaka hilo wanaliita ionosfia. Usidhani plazma ni kitu cha ajabu. Radi ni plazma. Ule mwanga mkali wa fundi anayechomelea mageti ni plazma. Allah ameuweka mwingine kule juu, na mawimbi mafupi ya redio yakifika huko yanapinda na kurudi ardhini. Ndiyo maana sauti ya Ulaya ilifika kijijini kwako bila waya. Mchana sehemu ya chini ya tabaka hilo inayameza mawimbi. Usiku sehemu hiyo inapotea, na mawimbi yanapata njia.

Sasa, mwaka 1933 kule Uholanzi, mhandisi mmaitwa Tellegen alikuwa anasikiliza stesheni ya Beromünster ya Uswisi. Nyuma ya sauti hiyo akasikia stesheni nyingine, ya Luxembourg, ambayo haikuwa kwenye masafa yale kabisa. Wenzake wakaja kueleza: redio ya Luxembourg ilikuwa na nguvu kubwa kiasi kwamba ilizipasha joto elektroni za ionosfia juu yake, na wimbi la Uswisi lilipopita hapo likabeba alama ya lile joto. Umeona? Binadamu wa kwanza kupasha joto ionosfia hakuwa jasusi. Ilikuwa redio ya taarifa na muziki!

Baada ya hapo watu wakafanya makusudi. Mwaka 1970 walianza Platteville, jimbo la Colorado. Wakafuata Arecibo, kisiwa cha Puerto Rico. Kisha Tromsø, kaskazini mwa Norway. Na HAARP ikaanza kujengwa mwaka 1993 huko Gakona, Alaska, ikakamilika mwaka 2007 ikiwa na antena 180.

Wanatafuta nini? Nitakueleza kwa mfano wa nyumbani.

Nenda Rusumo. Tazama maji ya Kagera yakiwa yameshaungana na Ruvubu, yanakuja kwa utulivu mpaka yanapofika kwenye ukingo. Hapo utulivu unavunjika. Wimbi moja kubwa linakuwa mawimbi elfu, mengine yanapanda, mengine yanashuka, mengine yanagongana na kutoa povu. Hivyo ndivyo linavyofanya wimbi la redio lenye nguvu linapopanda. Linasafiri vizuri mpaka linafika kimo, tuseme kilomita 200 au zaidi, ambapo masafa yake yanalingana na mtikisiko wa asili wa plazma yenyewe. Hapo linapunguza mwendo, linavimba, na linavunjika. Linazaa mawimbi ya elektroni, yenye mtikisiko wa haraka sana, na mawimbi ya ayoni, yanayokwenda polepole kama sauti. Yanapozidi yanazaana yenyewe kwa yenyewe, na panakuwa na msukosuko.

Nani anauona msukosuko huo? Jicho haliwezi. Wanatumia rada. Arecibo walikuwa na sahani ya upana wa mita 305, iliyozinduliwa mwaka 1963, ikirusha wimbi la megahezi 430 kwenda juu na kusubiri mwangwi wake. Siku za kawaida mwangwi wa elektroni ni hafifu mno. Lakini wimbi la kupashia joto likiwashwa, ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde, mwangwi unaruka juu. Na kwa kupima umechelewa kiasi gani na masafa yake yamehama kiasi gani, wanajua msukosuko uko kimo gani, ni wa mawimbi ya aina gani, na unakua au unafifia namna gani. Wakizima, unatulia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ni maabara ya plazma isiyo na kuta, maana plazma hiyo hiyo ndiyo iliyojaa kwenye jua na nyota, na hiyo hiyo ndiyo inayozipitisha ishara za satelaiti zinazoiambia simu yako uko wapi.

Na usidhani elimu ya anga la juu ni ya Wazungu wa mbali. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco ya Waitaliano ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, hapo Kenya, ikaenda kupima hewa ya juu. Mwambao wetu wenyewe!

PILI: HOJA NNE KWA MWENYE AKILI

Sasa tuwashike wenye klipu mmoja mmoja.

1. Hoja ya kimo. Mvua, mawingu, upepo na vimbunga viko chini, ndani ya kilomita 16 hadi 18 hivi kwa nchi zetu za joto. Msukosuko wa HAARP uko zaidi ya kilomita 80 juu, na mara nyingi 200. Tetemeko la Kagera lilianzia kama kilomita 40 chini ya ardhi. Mawimbi mafupi ya redio hayapenyi ardhini kiasi hicho. Udongo na mwamba vinayameza ndani ya mita chache au makumi ya mita. Mtu anapuliza juu ya paa la nyumba yako, wewe unasema ndiye aliyetikisa msingi wa nyumba ya jirani wa kijiji cha kumi?

2. Hoja ya nguvu. Mtambo wa HAARP una nguvu ya megawati 3.6. Inasikika kubwa, sivyo? Sasa sikiliza. Mradi wa umeme wa Rusumo, huu wetu tunaogawana na Rwanda na Burundi, una megawati 80. Hapa hapa Ngara tuna mtambo unaouzidi ule wa Alaska zaidi ya mara 20! Na wataalamu wa matetemeko wana kanuni inayobadili ukubwa wa tetemeko kuwa nishati. Kwa kanuni hiyo, ili HAARP ikusanye nishati iliyobebwa na mawimbi ya tetemeko la ukubwa wa 5.9, ingewaka usiku na mchana zaidi ya siku 140, ikaihifadhi yote mahali bila kupoteza hata chembe, kisha ikaifungulia kwa sekunde chache chini ya mwamba wa Kagera. Wapi imehifadhiwa? Kwenye gunia? Joto la elektroni wanazozipasha linapotea ndani ya sekunde hadi dakika baada ya kuzima. Na nguvu inayofika kule juu kwa kila mita ya mraba ni ndogo makumi ya maelfu ya mara kuliko ile jua linayoiletea dunia hii kila mchana. Allah anawasha taa yake kila asubuhi juu ya ionosfia yote, na wewe unaogopa kibatari cha Gakona.

3. Hoja ya tarehe. Hii ndiyo naitaka muikariri. Tetemeko letu lilipiga Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, baada ya adhuhuri. Bukoba na vijiji vyake viliumia, watu wasiopungua 17 walifariki, maelfu ya nyumba zikaharibika. Je, HAARP ilikuwa inafanya nini siku hiyo? Ilikuwa imezimwa! Jeshi la Marekani lilifanya majaribio yake ya mwisho katikati ya mwaka 2014, Agosti 2015 likaukabidhi mtambo kwa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, na chuo kikaanza kurusha mawimbi yake ya kwanza Februari 2017. Siku Kagera inatikisika, antena zile zilikuwa vyuma vilivyosimama kwenye baridi. Basi wewe unayeapa kwamba "ni hao hao", umemsingizia mtu mauaji siku ambayo hata silaha yake haikuwa na risasi. Na singizio ni singizio, hata kama unayemsingizia humpendi.

4. Hoja ya kimbunga. Wanasema mitambo hii inatengeneza vimbunga na kuviongoza. Haya. Septemba 1998 kimbunga Georges kilivamia Puerto Rico. Unajua kiliharibu nini? Kiliuharibu mtambo wenyewe wa kupashia joto ionosfia uliokuwa Islote, karibu na Arecibo! Ukabaki hauna kazi. Mwenye kuongoza vimbunga ameshindwa kukizuia kimoja kisimvunjie nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo mwenye akili anasema La ilaha illa Allah, na mwenye klipu anatafuta klipu nyingine.

TATU: "SHEIKH, UNAWATETEA MAREKANI?"

Najua swali hili linakuja, basi tulijibu mapema.

Hapana. Sisemi HAARP ilijengwa kwa ajili ya kuwafurahisha watoto. Fedha zake zilitoka kwa jeshi la anga na jeshi la majini la Marekani, na shabaha zake zilikuwemo za kijeshi, kama kutafuta njia ya kuwasiliana na manowari zilizo chini ya maji. Wala sisemi binadamu hajawahi kujaribu kuitumia hali ya hewa vitani. Wamarekani waliyatia mawingu kemikali kwa ndege katika vita vya Vietnam, miaka ya 1967 hadi 1972, ili mvua iharibu njia za adui. Ndiyo maana mwaka 1977 mataifa yakatia saini mkataba wa kukataza mambo hayo. Hayo ni kweli na yameandikwa.

Lakini tazama ujanja wa mwenye klipu. Anachukua ukweli huo mdogo, kwamba ndege zilimwaga kemikali kwenye mawingu, anauunganisha na antena zisizogusa wingu hata moja, kisha anakuletea mkokoteni mzima wa uongo ukivutwa na punda mmoja wa kweli. Punda akipita mlangoni, na mkokoteni umepita.

Allah (Subhanahu wa Ta'ala) katika Suratul Maidah, aya ya 8, ametukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Uadilifu huo unamhusu hata unayemchukia. Una malalamiko ya haki dhidi ya dola kubwa? Yataje kwa ushahidi. Yapo mengi na yana ushahidi. Ukichanganya na uongo, unampa adui yako zawadi, maana kesho ukitaja dhulma ya kweli watakucheka na kusema, huyu ni yule wa antena.

NNE: DINI YETU IMELISEMAJE JAMBO HILI?

Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume wetu (Swalallahu alayhi wasallam). Siku ile ile jua likapatwa. Watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Hebu fikiri. Baba amefiwa. Watu wenyewe wanamletea maneno yanayomtukuza yeye na mwanawe. Angekaa kimya tu, maneno yangeenea dunia nzima, na wangapi wangesilimu kwa ajili hiyo! Lakini hakukaa kimya. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na wakiona hayo waswali na waombe.

Basi wewe unayesema, "Sheikh, hata kama klipu ni ya uongo, inawafanya watu wamkumbuke Allah," nijibu. Umekuwa na huruma na dini hii kuliko Mtume wake? Yeye aliukataa uongo uliomheshimisha mtoto wake mwenyewe siku ya msiba. Wewe unaupokea uongo wa mtu usiyemjua hata jina.

Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kwamba akitujia fasiki na habari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Huyo ni fasiki anayejulikana. Je, huyu wa klipu ambaye hata hujui ni nani? Na Mtume wetu ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Kila! Kubuni ni dhambi, na kupitisha tu bila kupima nako kunatosha kukuandika muongo. Zamani ulihitaji mdomo. Leo kidole gumba kinatosha.

Kisha lipo jambo zito zaidi, nalo ni tauhidi. Nani anaitikisa ardhi? Nani anaupeleka upepo? Allah anafanya hayo kwa sababu alizozipanga Mwenyewe: ardhi ya Afrika Mashariki inapasuka polepole kwenye Bonde la Ufa, na mkono wake wa magharibi uko jirani yetu, mwamba unavutwa miaka na miaka, siku moja unakatika. Kuijua sababu si kumkana Mwenye kuziweka sababu. Lakini kumpa chuo kikuu cha Alaska uwezo wa kuitikisa dunia popote kinapotaka, ukaingiwa na hofu nacho usiku unapolala, huko ni kukipa kiumbe sifa isiyokuwa yake. Mababu zetu walitumwa na mchawi kuogopa fisi na bundi. Tumeacha bundi, tumeshika antena?

Na ninyi upande wa pili, mnaokimbilia kusema Kagera ilitikiswa kwa sababu ya madhambi ya watu wake, nyamazeni. Nani aliwapa daftari la ghaibu? Mtume wetu (Swalallahu alayhi wasallam) amemhesabu Muislamu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Yeye anawaita mashahidi, wewe unawaita wakosaji!

TANO: SISI WA NGARA TULIPASWA KUWA WA MWISHO KUDANGANYIKA

Ndugu zangu wa Kanazi, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mnataka kujua mawimbi ya redio yanawezaje kuua watu? Hamna haja ya kwenda Alaska. Vukeni daraja la Rusumo. Kuanzia Julai 1993 stesheni ya RTLM ya Kigali ilirusha hewani maneno ya chuki, ikawaita binadamu majina ya wadudu, na wakati wa mauaji ya 1994 ikataja watu wa kutafutwa. Haikuhitaji kupasha joto ionosfia. Ilihitaji mdomo wa muongo na sikio lisilouliza. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao laki mbili walivuka daraja lile kwa muda kama wa siku moja, na Benaco, kilima cha kawaida cha Ngara, ikageuka mji wa mahema. Waliokuwepo wanajua. Miti iliisha, maji yaliisha, makaburi hayakuisha. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani viongozi wa chombo kile tarehe 3 Desemba 2003.

Hiyo ndiyo silaha ya hewani iliyothibitika. Risasi yake ni habari isiyochunguzwa. Na silaha hiyo leo iko mfukoni mwako, ina kava na chaji.

Utasema, "Sheikh, klipu ya HAARP haimuui mtu." Subiri. Mtu aliyezoea kuamini klipu hachagui. Januari 2025 serikali ilithibitisha ugonjwa wa Marburg hapo Biharamulo. Ugonjwa ule unapita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa na maiti yake. Aliyezoezwa na sisi masheikh kwamba kila balaa inatumwa kwa antena, siku kama ile atanawa mikono kwa nini? Atakubali vipi daktari amzuie kuosha maiti ya mama yake? Aliyeambiwa kimbunga kinaongozwa na mtu, ataisikiliza vipi Mamlaka ya Hali ya Hewa ikimwambia asiingie baharini? Na aliyeambiwa tetemeko ni la Marekani, ataona haja gani ya kufunga lenta kwenye nyumba yake ya tofali?

Hapo ndipo uongo unapoua, ndugu yangu. Unamtoa mtu kwenye sababu anayoiweza, unampa adui asiyemfikia. Anabaki amekaa, anaogopa, na nyumba yake ni ile ile mbovu.

SITA: UFANYE NINI?

Klipu ikikujia, jiulize maswali manne kabla ya kuituma.

Nani ameisema, kwa jina lake? Kama hana jina, simamisha hapo.

Lini na wapi? Angalia tarehe. Umeona jinsi tarehe moja ilivyoangusha uongo wote wa Kagera.

Nani mwenye ujuzi wa jambo hili, na amesema nini? La ardhi waulize watu wa Jiolojia, la mvua waulize wa Hali ya Hewa, la ugonjwa mwulize daktari. La fiqhi ndiyo utuulize sisi. Sheikh kusoma Bulughul Maram hakumfanyi kuwa mjuzi wa plazma, na hakuna aibu kusema sijui.

Nikiituma, nani anafaidika? Kama jibu ni hakuna, futa.

Na ninyi wazazi, mkimwona kijana wenu anapenda fizikia, msimwambie hiyo ni elimu ya makafiri. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alikuwa Muislamu. Alisoma vitabu vya wakubwa wa Kiyunani akavitilia shaka, akapima mwanga kwa majaribio, akakataa kupokea neno kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Huyo ndiye babu yako katika elimu. Mtoto wa Kanazi anaweza kesho kukaa mbele ya rada akausoma msukosuko wa ionosfia kama unavyosoma wewe ujumbe wa simu. Lakini hatafika huko kama leo tunamlisha klipu.

Na ninyi masheikh wenzangu, mimbari ni amana. Aliyekaa chini yako amekuja na udhu wake, ameacha shamba lake na duka lake, amekunyamazia kwa sababu sheria imemwamuru anyamaze. Hawezi hata kunyoosha mkono akuulize umepata wapi. Mtu huyo ukimdanganya, umemdanganya akiwa amefungwa mdomo na dini yake. Mcheni Allah.

Ewe Mola wetu, warehemu waliofariki Kagera, Uturuki, Syria na Morocco, na uwajaalie daraja la mashahidi. Tulinde na tetemeko la ardhi na tetemeko la ndimi zetu. Tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili tuione kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Amin.

Ukiona darsa hii ina faida, mtumie yule aliyekutumia ile klipu. Hata usipoituma, imani yako haina neno. Ila kesho akikuletea nyingine, muulize tarehe.

Wallahu a'lam.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.